Yule Mwenye Kofia

Ndaki alikuwa amelala ubavu chini ya krasha ya kusagia mawe, anakaza nati ya mwisho, pikipiki zilipoanza kuingia uwanjani. Hakujisumbua kuchungulia. Pale mwaloni, nje kidogo ya Kharumwa, mawe ya dhahabu huletwa kusagwa, pikipiki baada ya pikipiki, mchana kutwa, na fundi akitaka kumtazama kila anayeingia hatamaliza kazi. Alichungulia pale tu injini zote zilipozimwa na hakuna aliyesema neno. Aliona viatu vingi vimemzunguka.

"Ndaki ni nani hapa?"

"Ni mimi," alisema, akijivuta atoke. "Ngojeni ninawe mikono."

Mnyororo wa pikipiki ulimkuta mgongoni kabla hajasimama. Alipiga magoti, na pigo la pili likamchana sikio. Alipouliza amefanya nini, mmoja wao alimpokonya spana kubwa aliyokuwa nayo na kumpiga nayo usoni. Jicho la kushoto likapasuka. Walimpiga kwa utulivu, kama watu waliokwisha kukubaliana njiani. Mmoja alimkanyaga shingo, wengine wakamvunja mbavu kwa mateke, na kijana mwenye reflekta akavuta mpira wa petroli wa pikipiki yake, akaanza kujaza chupa ya maji.

"Mdogo wangu ulimwua kwa kamba," alisema aliyekuwa akiwaongoza, mtu wa makamo aliyevaa kofia ya kapelo nyeusi. Alikuwa Januari, mwenyekiti wa bodaboda wa stendi ya zamani. "Wewe utakufa kwa moto."

Ndaki alisema hamjui mdogo wa mtu yeyote, lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa damu na hakuna aliyemsikia.

Waliomwokoa ni wanaapolo, wachimbaji wadogo waliokuwa wakiponda mawe upande wa pili. Walikuja na nyundo zao. Mmoja aliipiga teke ile chupa ya petroli.

"Siku aliyouawa mwenzenu, huyu alikuwa hapa hapa anachomelea vyuma mpaka giza likaingia," alisema. "Mkimchoma, mtuchome na sisi."

Januari aliziangalia nyundo, akawaangalia watu wake, akawasha pikipiki. Wengine wakamfuata.

*

Scolastika, mke wa Ndaki, alikuwa darasani. Alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi hapo mjini. Alipofika hospitali alimkuta mumewe kwenye benchi la mapokezi, kichwa kimefungwa shati la mtu.

"Hatuwezi kumgusa bila fomu ya PF3, mama," muuguzi alimwambia, akikwepa kulitazama lile shati. "Mtu aliyepigwa lazima apitie polisi kwanza."

"Jicho lake linamwagika."

"Nakuelewa. Kimbia."

Alikimbia. Kituoni askari alimwacha asimame huku akimaliza kuzungumza na simu, kisha akavuta karatasi.

"Mumeo kaiba nini?"

"Hajaiba kitu, afande."

"Watu wote hao wampige bure?"

"Wamempiga bure."

"Hakuna anayepigwa bure." Aliandika taratibu, akitamka kwa sauti kila anachoandika: anatuhumiwa kwa wizi wa pikipiki na mauaji. Scolastika alimwomba afute maneno hayo. Askari aliinua kalamu. "Unataka karatasi au hutaki?"

Aliichukua karatasi hivyo hivyo, akasema asante.

Wakati Ndaki yuko chumba cha upasuaji, mwanaapolo aliyemleta alimsogelea Scolastika akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, samahani. Wale walisema kompyuta ndiyo imemtaja. Picha imezunguka kwenye magrupu yote. Hii hapa."

Kwenye kioo palikuwa na picha mbili zimewekwa sambamba. Ya kwanza ilitoka kwenye kamera ya sheli: mtu mwenye kofia, amepanda nyuma ya pikipiki ya Mageni, mdogo wake Januari, saa chache kabla Mageni hajakutwa kwenye majaruba ya mpunga akiwa amenyongwa na pikipiki haipo. Ya pili ilikuwa ya Ndaki, anacheka, naye amevaa kofia. Chini yake kulikuwa na maandishi ya kijani: Ndaki, asilimia 71.

Scolastika alikaa sakafuni. Fremu ile ya kijani aliijua. Yeye ndiye aliyemshauri Adam, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, abadilishe nyekundu aweke kijani, ipendeze. Siku ya kuonyesha kazi za mwisho wa mwaka Januari alikuwa miongoni mwa wageni, na Adam alipoeleza kwamba programu yake inaweza kuitazama picha ya mhalifu ikamtaja jina, ukumbi mzima ulipiga makofi. Scolastika alimpa maksi za juu kuliko alizowahi kumpa mtu. Mada ya mwisho kwenye muhtasari, ile ya maadili na wajibu wa mtaalamu kwa jamii, darasa hilo liliimaliza kwa kunakili kurasa mbili kutoka ubaoni, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

*

Madaktari waliliondoa jicho. Siku iliyofuata Scolastika alirudi nyumbani kumpikia mgonjwa uji, akawakuta wageni wamekaa uani. Maduhu, kaka mkubwa wa Ndaki, alikuwa amekuja kutoka kijijini na binamu zake wawili. Kando ya mguu wake kulikuwa na panga limeviringishwa kwenye kiroba.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kunywa maji kwanza, upumue." Maduhu alisubiri mpaka akanywa. "Sasa niambie. Huyo kijana wa kompyuta anakaa wapi?"

"Sijui anakaa wapi."

"Ni mwanafunzi wako na hujui anakaa wapi."

Binti yake, Wema, alikuja kutoka mlango wa mbele. "Mama, kuna kaka anakuulizia."

Adam alikuwa ameshaingia nyuma ya mtoto. Alikuwa kijana mwembamba, amevaa shati la chuo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, madam. Nimekuja..." Aliwaona wanaume uani, akasita, lakini hakurudi nyuma. "Ile programu niliitengeneza mimi. Nimekuja kumwona mzee."

Maduhu alisimama. Alimpiga kwa ubapa wa panga mdomoni, na Adam akaanguka juu ya sufuria. Binamu wakamvuta kwa miguu mpaka kwenye gogo la kupasulia kuni. Maduhu alimkanyaga bega, akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya gogo.

"Ni huu ulioandika?"

Adam alikuwa analia kwa sauti ya chini, meno mawili yaliyong'oka yakiwa kwenye ulimi wake. "Ni huo, baba."

Panga lilipanda. Scolastika alijitupa juu ya gogo, akauweka mkono wake juu ya mkono wa kijana.

"Basi anza na wangu."

"Ondoka, shemeji."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimpa maksi, nikampigia makofi. Ukimkata yeye na mimi ukaniacha, utakuwa umekata nusu."

Wema alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Maduhu alimwona. Alishusha panga polepole, akatema mate, akasema maneno ya Kisukuma ambayo Scolastika hakuyasikia vizuri, kisha akageuka kwa binamu zake. "Twendeni hospitali. Hawa watajuana wenyewe."

Walipoondoka, Scolastika alimletea Adam maji ya chumvi. Alimwacha asukutue. Ndipo akaanza kumwuliza, na kila swali lilimwuma yeye kwanza.

"Picha za watu ulizitoa wapi?"

"Kwenye magrupu, madam. La wanaapolo, la kanisani, la wazazi wa shule. Nyingine Fesibuku."

"Uliwaomba wenyewe?"

"Zilikuwa wazi."

"Asilimia sabini na moja maana yake nini?"

"Kwamba kati ya wote waliomo, yeye amekaribia zaidi."

"Siyo kwamba ndiye."

"Siyo kwamba ndiye."

"Na kama mwuaji mwenyewe hayumo?"

Adam alitazama chini. "Itamtaja mwingine. Lazima itaje mtu. Sikuifundisha kusema simjui."

"Januari anajua hivyo?"

"Hakuniuliza. Na mimi nilitaka aipende."

"Ile picha ya sheli sura haionekani. Mashine inaona nini pale?"

"Nadhani inaona kofia, madam."

Siku ya maonyesho Scolastika alikuwa na muda wa kumwuliza yote hayo, na jambo pekee aliloliuliza lilikuwa rangi ya fremu.

"Izime," alisema.

"Siwezi. Mwenyekiti anayo kwenye laptop yake. Haihitaji mtandao."

*

Mkuu wa chuo alimwita ofisini. Alimpa pole kwa yaliyompata baba Wema, akamwuliza kama hospitali wanawahudumia vizuri, kisha akafunga mlango.

"Ukiongea na watu wa redio, mwalimu, usitaje chuo. Kijana alifanya kwa muda wake."

"Alifanya kwa maksi zetu."

"Nakuomba tu kama ndugu."

Mara honi za pikipiki zikalipuka mjini, nyingi, bila kukatika. Adam alikuja akikimbia kutoka getini. Bodaboda walikuwa wamemkamata mtu mwingine, mchimbaji aitwaye Bujiku, mgeni kutoka upande wa Bulyanhulu. Mashine ilikuwa imeulizwa tena. Picha ya Ndaki ilipoondolewa, ikamtaja Bujiku.

Scolastika alitoka bila kuaga, Adam nyuma yake.

Bujiku alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kibanda cha stendi kwa mipira ya kufungia mizigo. Uso wake ulikuwa umevimba hadi macho hayaonekani, na tairi lilikuwa tayari shingoni. Laptop ilikuwa juu ya meza ya wakala wa fedha. Januari alisimama kando yake na kapelo yake nyeusi, kibiriti mkononi.

"Mimi ni mke wa Ndaki," Scolastika alisema. Watu wakampisha. "Sikuja kulia. Nimekuja kuwaonyesha hiyo mashine inafanyaje kazi."

"Mwalimu," Januari alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala, "mimi nimemwosha Mageni kwa mikono hii. Kamba ilikuwa imezama kwenye nyama. Usinifundishe."

"Iulize tena mara moja tu. Ila kwanza muingize na sura za waliopo hapa. Anza na yako, kama huna unachoficha."

Minong'ono ikapita. "Weka tu, Mwenyekiti," mmoja alisema. "Kwani una wasiwasi gani?"

Adam alimshika Scolastika kiwiko. "Madam, tuweke yangu. Au tuweke yako."

"Weka yake."

Angeweza kumchagua mtu yeyote. Alimchagua Januari kwa sababu ya ile kapelo, na kwa sababu ya jicho la mumewe lililotupwa kwenye ndoo ya hospitali. Alijua karibu kwa hakika mashine itasema nini. Alitaka mtu huyo atokwe jasho mbele ya watu wake, aone jinsi inavyokuwa, halafu watu wacheke, aibu iwashike na Bujiku afunguliwe. Alikuwa ameliona jambo lote hilo kichwani kama somo lililopangwa vizuri.

Adam alimpiga Januari picha, akaiingiza, akabonyeza. Fremu ya kijani ikatokea. Januari, asilimia 88.

"Mnaona," Scolastika alisema, akiwageukia. "Imemtaja Mwenyekiti wenu. Je, ni yeye aliyemwua mdogo wake? Mashine hii haimjui mtu. Inatafuta tu..."

Baada ya sentensi ya kwanza hakuna aliyemsikiliza. Waliokuwa mbele walisoma jina, wakawatamkia walioko nyuma.

"Ndiyo maana," kijana wa reflekta alisema taratibu. "Ndiyo maana ana haraka ya kuchoma watu."

"Pikipiki ya Mageni si walikuwa wanaigombea?"

"Jamani," Januari alisema. Aliinua mikono, kibiriti bado kikiwa katikati ya vidole. "Jamani, mimi huyu."

Tofali lilimpiga kwenye taya. Scolastika alisikia mfupa ukivunjika. Kisha wakamvamia wote, watu aliokuwa akiwatuma mahali na wakaenda, wakampiga kwa minyororo, kwa helmeti, kwa mawe ya ukingo wa barabara. Mmoja aliikata mipira iliyomfunga Bujiku, si kwa huruma, ila kwa kuwa tairi lilikuwa linahitajika. Bujiku alianguka, akatambaa, akasimama, akakimbia bila kugeuka.

Scolastika alipiga kelele kwamba siyo yeye, siyo yeye, mashine imekosea, sauti ikamkauka. Alijipenyeza kati yao akamlalia Januari. Nondo iliyokuwa imekusudiwa kichwa cha Januari ilimvunja yeye mkono. Petroli ilimwingia machoni. Adam aliinyanyua laptop juu kwa mikono miwili, akaipasua kwenye nguzo ya kibanda, na kwa ule mshtuko mdogo, watu walipogeuka kuona kimepasuka nini, akamshika Januari kwapani. Walimburuta hadi ndani ya duka la wakala. Mwenye duka alivuta mlango wa chuma chini. Mawe yakaanza kuupiga.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya petroli. Januari alilala juu ya magunia ya mchele, taya limelegea upande mmoja, mguu umepinda pasipopinda mguu. Alikuwa anajaribu kusema. Scolastika alimsogezea sikio, lakini hayakuwa maneno.

"Najua siyo wewe," alimwambia. "Nilijua toka mwanzo."

Januari alimkazia macho. Scolastika akasikia alichokisema mwenyewe, akatamani angekaa kimya.

Polisi walikuja wakapiga risasi hewani na mabomu ya machozi. Stendi ikabaki na helmeti na viatu.

*

Mwuaji wa Mageni alikamatwa Nkome, akijaribu kuiuza pikipiki kwa wachuuzi wa dagaa. Alikiri mwenyewe. Alikuwa mtu asiye na simu ya maana, na picha yake haikuwamo kwenye grupu lolote. Vijana kadhaa wa stendi waliwekwa ndani, wengine wakahamia Kahama. Chuo kilimfukuza Adam, na Scolastika akaambiwa aendelee na ratiba kama kawaida.

Hakuendelea nayo. Alianza muhula kwa mada ya mwisho. Hakuandika maana ya maadili ubaoni. Alisimama mbele ya darasa, mkono ukiwa kwenye plasta, akawasimulia yaliyotokea mwaloni na stendi, akiwatajia majina yote na la kwake likiwamo. Wiki nzima walibishana juu ya swali moja, ni nani alipaswa kuuliza nini na wakati gani. Mkuu wa chuo alipita dirishani mara kadhaa, asiingie.

Ndaki alirudi nyumbani. Alijifunza upya kumimina chai bila kukosa kikombe. Alasiri moja alimwuliza mkewe jambo ambalo watu walikuwa wamemnong'oneza.

"Ulimfanyia makusudi?"

Scolastika alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja. "Nilijua mashine itaiona kapelo yake. Nilitaka aone."

"Nilipokuwa chini pale, mguu wa mtu wake ukiwa shingoni kwangu, nilitamani apatwe na hayo hayo. Nikiwa wodini nilitamani hivyo pia. Sasa yamempata, na bado kila nikigeuka naligonga hili kabati." Alipapasa kando ya kiti, akapata fimbo yake. "Umekwenda kumwona?"

"Bado."

"Nenda. Mimi siwezi, usiniombe. Wewe nenda."

Alimpitia Adam, ambaye siku hizo alikuwa akichaji simu za watu sokoni. Alikuja bila kuuliza wanakwenda wapi. Nyumba ya Januari ilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Januari alikuwa kwenye godoro barazani, meno yamefungwa kwa waya, mguu umenyooshwa juu ya tofali. Aliwaona wakiingia, akafumba macho. Mkewe, Vumilia, alikuwa anafua.

"Hodi, mama."

Vumilia aliwatazama, akaitazama plasta kwenye mkono wa Scolastika. "Nani kati yenu aliyeiweka picha ya mume wangu?"

"Ni mimi," Adam alisema.

"Aliibonyeza yeye," Scolastika alisema. "Aliyesema iwekwe ni mimi. Yeye alinizuia."

Vumilia aliinua beseni, akawamwagia maji yote ya sabuni, kuanzia kichwani. Nguo zikaanguka miguuni mwao. Kuku wakatawanyika. Jirani mmoja alitoka nje, akasimama kuangalia.

"Twende, madam," Adam alinong'ona.

"Tusiondoke."

Walisimama hapo, maji yakichuruzika. Scolastika aliinama, akaanza kuokota nguo kwa mkono wake mzima, moja moja, akizirudisha kwenye beseni. Vumilia alimwacha aokote mpaka likabaki shati moja, la bodaboda, lenye doa ambalo halikuwa limetoka. Hilo alilichukua mwenyewe.

"Ninyi mnajua kuongea," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu wamekuja hapa, wote wanajua kuongea. Huyu hawezi kuniambia kitu, anatafuna hewa tu. Usiku anaamka analia, ninamwuliza, hawezi. Nimelala na mtu huyu miaka yote, namjua hata kwa kikohozi. Sasa wewe unayefundisha nieleze, kwa Kiswahili ninachokielewa. Hiyo mashine yenu ilimwonaje mume wangu ikasema ndiye?"

Barazani Januari alikuwa amefumbua macho.

Scolastika aliweka beseni chini. Alikaa kwenye udongo uliolowa, karibu na godoro, mahali ambapo wote wawili wangemsikia.

"Haikumwona, mama," alisema. "Nitakueleza. Haikumwona hata kidogo."